Meno ya Sungura kwenye Mwaridi wa Bibi Kobe

Mwaka ule mvua ilipita juu ya kijiji cha wanyama kama mgeni aliyekwisha kula kwingine: ilichungulia, ikasalimu kwa matone mawili matatu, ikaenda zake. Mto ukabaki mchanga mtupu. Majani yakawa na rangi ya mkeka wa zamani. Kisima chenye maji kilibaki kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya boma la Simba, kwa hiyo Simba ndiye aliyepanga zamu za kuteka.

Katika kijiji kizima, kitu kimoja tu hakikuwa na habari kwamba ni kiangazi. Nacho ni mwaridi wa Bibi Kobe.

Ulikuwa mwaridi wa kutambaa, wa aina ile isiyochanua mara moja kwa mwaka ikanyamaza, bali huchanua, hupumzika, kisha huchanua tena. Ulikuwa umetambaa juu ya wigo wa Bibi Kobe kutoka kona ya jiko mpaka kona ya choo. Maua yake yalikuwa mekundu, mazito, yenye harufu ya kumfanya mpita njia asahau alikokuwa akienda. Na mwaridi huo Bibi Kobe hakuununua wala hakupewa. Siku Punda alipomletea Simba mche wa mwaridi, tawi moja lilivunjika njiani, likatupwa jalalani. Bibi Kobe aliliokota, akalichomeka ardhini, akalikinga na jua kwa kipande cha chungu, na kila jioni akalimwagia maji aliyooshea vyombo. Baada ya miaka mitatu tawi la jalalani lilikuwa limefunika wigo mzima. Mche wa Simba nao, uliopandwa langoni kwa ngoma na hotuba, ulikuwa umesimama wima kama mkuki, na juu kabisa una ua moja ambalo hakuna aliyeliona ila Kunguru. Na Kunguru alisema limenyauka.

Jambo hilo lisingemuuma Simba kama si harusi ya binti yake. Binti alikuwa ameposwa na simba wa ng'ambo ya mto, na simba wa ng'ambo wana desturi yao. Siku ya harusi, mama yake bwana harusi haingii katika boma la bibi harusi mpaka achume ua bichi langoni kwa mkono wake mwenyewe, alichomeke sikioni. Asipopata ua hugeuza, na wote aliokuja nao hugeuza. Husema: nyumba isiyoweza kulea ua, mtoto ilimleaje?

Simba akaitisha mkutano.

"Zimebaki siku tisini," akanguruma. "Atakayelifanya lango langu lichanue, na likae limechanua mpaka wakwe waje, atakuwa wa kwanza kuteka maji kila siku. Nani anaweza?"

Wanyama wakatazama miguu yao. Bibi Kobe hakupenda makuu, lakini alipenda maua, kwa hiyo alitoa shingo yake taratibu.

"Mfalme, kazi yenyewe si kubwa. Ua likinyauka, likatwe. Likiachwa linageuka kitunda cha mbegu, na mwaridi ukishaona una mbegu, hudhani kazi yake ya mwaka imekwisha. Kisha haya matawi marefu tuyainamishe, tuyafunge kwenye wigo…"

"Tuyafanye nini?"

"Tuyainamishe, Mfalme. Tawi lililosimama hutoa ua moja nchani. Likielekezwa ubavuni, hutoa ua kila penye jicho la kuchipua."

Ndevu za Simba zilisimama zote. "Bibi, uzee umekukalia vibaya. Langoni kwa Simba kitu kikatwe? Kitu kiinamishwe? Mimi sijainama tangu nizaliwe, na mti wangu hauinami!"

"Mfalme amesema kweli tupu," ikasikika sauti laini kutoka nyuma. Alikuwa Sungura, masikio ameyachana vizuri na mikono ameikunja kifuani kama mtu anayetoka kusali. "Mimi nitauchanusha bila kukata kijiti wala kuinamisha tawi. Ni elimu niliyoachiwa na marehemu babu yangu. Tatizo ni maji tu. Na maji mengine hapa kijijini yanaishia kwenye mambo ya upuuzi. Sitaji mtu." Akamtazama Bibi Kobe mpaka kila mmoja akamtazama Bibi Kobe.

"Chukua zamu yake tangu leo," Simba akasema. "Yeye atateka mwisho, baada ya wote. Na wewe Fisi, utalinda lango, na kila siku utatoa jikoni kikapu cha mifupa iliyopondwa, uiweke kwenye shina. Nimesikia mwaridi hupenda mifupa."

"Hata mimi naipenda," akasema Fisi, kwa moyo safi. Wote wakacheka. Fisi naye akacheka, baadaye kidogo, kwa sauti kuliko wote.

Bibi Kobe alirudi nyumbani kwake chini ya kilima akiwa na ndoo tupu na mawazo tele. Kuteka mwisho maana yake ni kuteka tope. Na kisima kikizidi kupungua, wa mwisho hatapata hata tope. Kobe aliyekosa maji huhama. Lakini mwaridi hauhamishwi kiangazi, ukiung'oa umeuua. Kwa hiyo Bibi Kobe hakuwa akifikiria kiu yake. Alikuwa akijiuliza kama ataendelea kuishi na mwaridi wake au itabidi auage.

"Tutabanana," akauambia. Akakusanya majani makavu, akayarundika kwenye shina yawe kama blanketi. Akachimbia kando yake chungu chenye ufa, mdomo tu ndio ukabaki nje. Lile tope lake la mwisho akalimimina humo, liwe linavuja kidogokidogo mpaka mizizini, jua lisipate kuonja.

Asubuhi ya nne alipotoka nje aliona mapengo. Maua matano, tena yale mapya kabisa ya juu, hayakuwepo.

Bibi Kobe aliufunga mlango akapanda kilima. Alipofika langoni kwa Simba, jua lilikuwa limeshachomoza vizuri. Alikuta wanyama wamejaa, wakishangilia. Ule mkuki wa Simba ulikuwa na maua matano mekundu, yenye umande. Simba amesimama mbele yake, tumbo nje, akipokea pongezi. Sungura yuko kando, anainua macho mbinguni kumshukuru babu yake.

"Mfalme," Bibi Kobe akasema, akitweta, "haya maua ni yangu."

"Yameandikwa jina lako?" Simba akauliza.

"Niliyaacha jana kwenye wigo wangu. Leo hayapo."

"Wivu, bibi, wivu!" Sungura akatikisa kichwa kwa huzuni. "Watu wakishazoea kusifiwa peke yao, huwa hivyo."

"Na kama ni habari ya wizi," Simba akasema, "hilo tawi lako lilitoka kwangu. Wewe ndiye uliyeiba jalalani!"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye miti. Bibi Kobe akashuka kilima polepole, maana hata akiwa na hasira kobe hana mwendo mwingine. Alijua sasa kwamba maneno hayatamsaidia. Simba huona maua asubuhi na mapema, na jua likikaza huenda kulala hadi jioni. Yakinyauka mchana, Sungura ana nafasi ya kuyaondoa. Akiulizwa jioni, atasema maua ya elimu ya babu hujificha jua likizama.

Alipofika kwake alivuta kigoda, akapanda, akavitazama vikonyo vilivyoibiwa maua. Akatikisa kichwa.

Mbuzi akila mti, hurarua. Ng'ombe hung'oa. Panya hutafuna tafunatafuna, ukadhani alikuwa akiwaza jambo jingine. Lakini vikonyo hivi vilikuwa vimekatwa mara moja, kwa mshazari, laini kama kwa wembe wa kinyozi. Ni meno ya mnyama mmoja tu yanayokata hivyo.

"Sungura, mtoto wa watu," akasema. Akataka kulia. Kisha akasogeza jicho karibu zaidi, akasahau kulia.

Chini ya kila mkato, penye jicho la tawi, kulikuwa na kitu chekundu kidogo kama kichwa cha siafu. Chipukizi. Tena si moja.

Hapo Bibi Kobe akakumbuka shida yake ya miaka miwili. Tangu mwaridi ulipomzidi kimo, maua ya chini aliweza kuyakata, lakini ya juu yalinyauka hukohuko juu, yakageuka vitunda, na sehemu yote ya juu ikaanza uvivu. Alikuwa akiomba apate mtu mrefu kidogo, mwepesi, mwenye mkono safi wa kukata kwa mshazari. Basi alikuwa amempata. Tena hakuhitaji hata kumpikia chai.

Siku ya pili yake akakaa nje mapema, akimsubiri mpita njia.

"Shikamoo, bibi," akasema Sungura. Alikuwa na kapu lililofunikwa, na pua yenye mchubuko.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona pua imechubuka?"

"Nilianguka, bibi."

"Pole. Kwenye miiba?"

"Kwenye… ngazi."

"Ngazi za siku hizi!" Bibi Kobe akaguna, kisha akajifuta jicho lisilo na chozi. "Mimi nina mwizi, mjukuu wangu. Ananikatia maua. Maua achukue tu, nimeshamsamehe. Ninachoomba asije akajua habari ya vile vitunda vya juu, vile vidogo vigumu. Siri yote ya kuchanua imo mle ndani. Vikiibiwa vile, nimekwisha."

Sikio la kwanza la Sungura lilisimama. Halafu la pili.

"Aa, bibi, mwizi gani atakuwa na akili hiyo?" akasema, akaondoka haraka.

Kulipopambazuka siku iliyofuata, wigoni hakukuwa na kitunda hata kimoja. Vyote vilikuwa vimekatwa, kimoja kimoja, kwa mshazari. Bibi Kobe aliingia ndani ya gamba lake, akacheka humo, ambamo hakuna wa kumsikia.

Kazi ikaendelea hivyo. Sungura aliiba kila alfajiri. Na kila alipoiba, mwaridi ulichipua. Baada ya siku arobaini sehemu ya juu ya wigo ililipuka nyekundu, mpaka Kunguru akapoteza njia. Sungura akadhani ni bahati yake. Lakini Simba naye alikuwa amezoea. Maua matano yalikuwa machache sasa, akataka kumi. Alipopata kumi akataka ishirini. Sungura akawa anaamka kabla ya jogoo, anapanda, anachomwa, anashuka, anakimbia kilima, anafunga ua moja moja kwa kamba za mgomba alizoziiba palepale kwa Bibi Kobe, kisha mchana anarudi kuyafungua yaliyonyauka. Akakonda. Maji ya kisima, aliyoyapigania sana, yakawa ni ya kuoshea vidonda tu.

"Umekonda, mjukuu wangu," Bibi Kobe akamwambia.

"Elimu ni nzito, bibi."

Kwa upande wa Fisi, kutoka jiko la Simba mpaka langoni ni hatua arobaini. Kila siku alitoka jikoni na kikapu kimejaa mifupa iliyopondwa, na kila siku alifika langoni na kikapu kitupu na midomo inayong'aa.

"Mifupa umeiweka?" Sungura akamuuliza.

"Nimeiweka."

"Wapi?"

"Ndani."

Sungura hakujali, naye Fisi hakumuuliza habari za kamba. Mwaridi wa Simba haukuwa na kazi tena ila kusimama na kufungiwa maua ya wenzake. Majani yake yakaanza kuwa manjano.

Ilipofika siku ya themanini, kisima kikamkataa Bibi Kobe. Aliteremsha ndoo akavuta, ikaja kavu, na kamba ina mchanga. Kesho yake vilevile. Majani ya mwaridi yakaanza kujikunja pembeni. Nyumbani alikuwa na nusu kibuyu cha maji ya kunywa, ya mwisho. Alikitikisa, akakisikiliza, kisha akakimimina chote kwenye chungu chenye ufa. Yeye akawa analamba umande kwenye majani asubuhi. Kobe anaweza kuvumilia kiu kuliko wanyama wengi. Hiyo haina maana kwamba haisikii.

"Siku chache tu," akauambia mwaridi, sauti imekauka. "Usinitupe, nami sikutupi."

Siku moja kabla ya harusi akafanya kazi moja zaidi. Alizitoa kamba zake zote za mgomba, akazifunga zote kwenye matawi ya wigo, zikaisha. Hazijakauka mafundo, Sungura akaja mbio.

"Shikamoo bibi, naomba kamba."

"Marahaba. Kamba za nini?"

"Za… mizigo ya wageni."

"Ungekuja jana! Zimekwisha kabisa. Lakini kwa Mfalme leo si wamechinja? Jikoni huko hakutakosekana kitu cha kufungia."

Sungura akapiga paji lake la uso. Kano! Nyama zote zile, kano zitakuwa zimetupwa tu. Akamshukuru bibi, akaondoka akicheka moyoni. Bibi kizee, alijisemea, anamfundisha mwizi wake kazi.

Alfajiri ya harusi alivuna kila ua lililokuwa limefunguka. Wigoni yakabaki matumba tu, yamefumba kama ngumi za watoto. Bibi Kobe alimwacha. Yeye alikuwa ameshaanza safari ya kupanda kilima, ili awahi.

Wakwe walikuja jua la utosi, maana njia ilikuwa ndefu na kavu. Simba, ambaye saa hiyo huwa amelala, alisimama langoni macho yamemwiva, akijizuia kupiga miayo. Lango lilikuwa halijapata kupendeza namna ile. Mwaridi ulivikwa maua kuanzia chini hadi juu, na kila ua limefungwa kwa ukano uliofichwa chini ya jani. Tatizo ni jua. Jua lilikuwa likizichoma zile kano taratibu, na harufu ya nyama ya kubanika ikaanza kushuka. Chini yake alisimama mlinzi Fisi, ameushika mkuki kwa mikono miwili, machozi yanamtoka na mate yanamtoka.

"Hodi!" Aliyeita alikuwa mama yake bwana harusi, simba jike mnene wa shingo, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Karibu, mama, karibu sana!"

"Nitakaribia nikishachuma."

Sungura akaruka mbele. Alikuwa ameandaa ua moja, hakulifunga, amelitundika tu kwenye mwiba. "Mama, hili hapa, zuri kuliko yote! Limekungoja wewe."

Mama mkwe akamtazama kutoka juu hadi chini, safari isiyokuwa ndefu. "Nilipoolewa mimi, babu yako alikuwa hajaota meno. Leo wewe ndiye wa kunichagulia ua?" Akanyoosha mkono juu, akashika jingine, akavuta.

Halikutoka. Akavuta tena. Tawi likaja, ua likaja, na nyuma ya ua ukaja ukano, mrefu, unanukia, ukapepea mbele ya pua ya Fisi.

"Ua gani hili lenye mshipa?" akauliza mama mkwe.

"Samahani, mama," akasema Fisi kwa adabu, akaumeza. Ua lilikwenda humohumo.

Baada ya hapo hakuweza kujizuia. Alitupa mkuki. Alipanda lango. Alikula ukano wa kwanza, wa pili, wa kumi. Maua yakawa yanamwagika juu ya wakwe, kwenye vilemba, kwenye masikio, kwenye mdomo wa shangazi aliyekuwa akijiandaa kupiga vigelegele. Alipomaliza, langoni palikuwa na kile kilichokuwepo siku zote: mti umesimama wima kama mkuki, wa manjano, hauna kitu.

Fisi akajilamba. "Kuna nyingine?" akauliza.

"Sungura," Simba akasema.

"Mfalme, ndivyo elimu ya babu ilivyo. Huchanua siku nyingi, huanguka siku moja."

"Tugeuzeni," mama mkwe akawaambia watu wake. Kutoka ndani ya boma kikasikika kilio cha bibi harusi.

"Ngoja, mama," ikasema sauti iliyokauka, kutoka chini karibu na miguu yao. Bibi Kobe alikuwa ndio kwanza amefika; kiu ilikuwa imempunguzia mwendo. "Hayo yaliyokuangukia ni maua mabichi. Yana kwao. Kwao ni kwangu."

"Uongo!" Sungura akafoka. "Ana wivu tangu zamani!"

Bibi Kobe akaokota ua moja. "Mfalme, tazama kikonyo chake, kilivyokatwa mshazari. Sitaki kumsingizia mtu. Kila mmoja apewe kijiti kibichi ang'ate, tulinganishe."

Vijiti vikaletwa. Mbuzi alirarua chake. Panya alitafunatafuna. Fisi alimeza. Zamu ya Sungura ilipofika, alishika shavu.

"Naumwa jino, Mfalme."

"Ng'ata."

Sungura akajaribu kung'ata kwa pembeni. Akajaribu kwa ufizi. Akafumba macho, akakunja pua, akajitahidi mno kung'ata kama mbuzi. Lakini meno hayajui siasa. Kijiti kikaanguka, kimekatwa mshazari, laini kama kwa wembe.

Mama mkwe akakichukua, akakilinganisha na kikonyo, akakohoa. "Sasa nataka kuuona huo mti wenyewe."

Bibi Kobe akapandishwa mgongoni kwa Punda, na msafara wote ukateremka kilima. Njiani Sungura alikuwa na tumaini moja: alikuwa ameuacha wigo mtupu. Lakini walipokata kona ya choo, wote walisimama. Matumba yaliyokuwa yamefumba alfajiri yalikuwa yamefunguka kwa jua la mchana. Wigo mzima uliwaka. Na kwenye shina, chini ya majani makavu, hapakuwa na maji ila chungu chenye ufa.

"Unanyweshea nini, mwenzangu?" mama mkwe akauliza, safari hii kwa upole.

"Juzijuzi niliumalizia maji yangu ya kunywa," Bibi Kobe akasema.

Mama mkwe akamgeukia Simba. Hakunguruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Una kisima ndani ya boma, na mwenye kujua kutunza umemnyima. Desturi yetu inasema ua la langoni. Hili si la langoni. Nitarudi baada ya siku hamsini. Nikikuta ua lililoota lenyewe, tutakula pilau. Nisipolikuta, binti yako atabaki kwako." Wakaondoka.

Simba alisubiri vumbi lao litue. Kisha akashusha sauti, kwa mara ya kwanza watu wakamsikia akizungumza kama watu.

"Bibi, siku hamsini zinatosha?"

"Zinatosha. Ila matawi yale, Mfalme…"

"Usiseme kuinama."

"Sisemi. Hayatainama. Yatalala tu. Kwani Mfalme halali?"

"Nalala kila mchana."

"Na ukilala, ufalme unapungua?"

Simba akapiga miayo. "Basi yalale," akasema. "Kama mimi."

Siku hiyohiyo Bibi Kobe alirudishiwa zamu yake, tena ya kwanza. Alikunywa kibuyu kizima bila kupumua, na cha pili akaupelekea mwaridi wake. Kesho yake wakayalaza matawi ya Simba kwenye wigo wa lango. Suala la mbolea nalo likajadiliwa. Fisi alikiri kwamba mifupa yote ya siku tisini iko kwake. Bibi Kobe akasema haina neno, mifupa iliyopita kwa Fisi hutoka imesagika vizuri, nyeupe kama chokaa. Basi Fisi akapewa koleo na amri ya kupeleka langoni, kila asubuhi, alichotoa mwenyewe. Ndiyo mbolea pekee duniani ambayo Fisi hakuionja njiani.

Na Sungura? Meno mazuri hayatupwi. Alihukumiwa kukata maua yaliyonyauka, langoni kwa Simba na wigoni kwa Bibi Kobe, kila siku, mbele ya watu.

Siku ya hamsini mama mkwe alirudi. Hakusema hodi mara mbili. Alinyoosha mkono penye tawi lililolala, akavuta, na ua likatoka mara moja, halina uzi, halina mshipa. Akalinusa, akalichomeka sikioni, akavuka lango. Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ambo ya mto.

Sungura alivisikia akiwa juu ya wigo wa Bibi Kobe, mdomo umejaa maua makavu.

"Juu kidogo, mjukuu wangu," Bibi Kobe akamwambia, akiwa ameketi kwenye kigoda. "Umeacha moja pale. Na ukimaliza ushuke tunywe chai; safari hii nimekuchemshia."

Nguo ya kuazima haisitiri maungo.